Neno "Daima" katika Hati ya Uwanja

Al Ghubra, Maskati
12 Novemba 2025

Mpendwa dada Khole,

Assalaam alaikum. Natumai nyote mu wazima huko Ufaransa na mguu wa shemeji Saeed umepona. Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulillah. Ila mimi nna hofu, na nimeandika badala ya kupiga simu ili niipime kabla ya kuitamka.

Kaka Marhoon anataka kuinunua klabu ya mpira ya mji wenu. Kwa kuwa mirathi ya baba haijagawanywa, hawezi bila ya saini yangu na ya mama, kwani wewe ulishampa uwakala wako. Siku iliyowekwa ni Jumapili, tarehe 30.

Nimeisoma historia ya klabu hiyo. Iliundwa na mafundi wa reli, ikaangukia kwa mwenye kiwanda cha viatu, kisha baraza la mji, kisha tajiri wa televisheni, na sasa kampuni ya wageni ambao hata mechi hawaji kutazama. Kila mmoja aliuza alichokikuta, lakini hakuna aliyeugusa uwanja. Kijitabu chao cha Kifaransa kinaeleza kwamba mjane mmoja alikitoa kiwanja hicho "watoto wa mji wachezee daima". Tafsiri ya Kiarabu aliyoletewa Marhoon inasema "kwa muda mrefu".

Naye anakusudia kujenga nyumba za kupangisha papo hapo uwanjani.

Nilipomwonyesha tofauti hiyo alicheka. "We Mahbuba, kila kitu kwako wakfu! Yule bibi wa Kifaransa kasoma fiqhi ya Kiislamu wapi?"

Mama akamdakia, "Na wewe umesoma wapi? Baba yenu hakukubali kukanyaga hata ukumbi wa nyumba ya wakfu iliyouzwa."

Huenda Marhoon ana haki. Sheria ya huko si yetu, na pengine naona wakfu, mali isiyouzwa milele, palipo na zawadi tu. Lakini nachelea tusije tukawa sisi wa kwanza kuuza kisichouzwa, tena kwa mali ya baba.

Tafadhali nenda kwenye ofisi ya kumbukumbu za mji, uombe hati yenyewe ya mjane yule, kisha unipigie simu unisomee neno hilo kama lilivyo. Usinionee huruma. Likiwa ni "daima", sitatia saini. Marhoon atakata mguu kuja kwangu, na hilo nalo linaniogopesha.

Barua hii anaichukua jirani yetu Osama, anayesafiri kesho. Mama anakusalimuni sana. Nisalimie shemeji na mwanao Aseel. Mwenyezi Mungu akuhifadhini, na atuonyeshe haki kabla hatujashika kalamu.

Mdogo wako akupendaye, hata katika hofu,
Mahbuba