Siki ya Mama kwa Ulimi wa Grace

Jumatano, kumi la mwisho la Ramadhani

Na kuonja ningeonjaje, nimefunga? Baada ya futari nako ulimi umeshajaa sukari, unasifu kila kitu.

Lakini Idi haingoji. Watu wameshaanza kuulizia siki yetu ya tende, ya kutia kwenye nyama ya shuwa, ile ya kufukia shimoni. Kwa hiyo leo alasiri, kiwandani kwetu Rusayl, nimechanganya kwa ulimi wa mtu mwengine.

Grace, mfanyakazi wetu, ni Mkristo wa Uganda, hafungi. Yeye anaonja, mie nnamimina. Siki mpya imejaa pipa. Ile kuukuu aliyoiacha marehemu mama imebaki ndoo moja tu, na nnaogopa kila kikombe nnachochota kutia kwenye mpya.

"Hii inauma huku nyuma ya taya," akasema.

Kikombe cha tatu akaonja tena. "Sasa inauma, halafu inaniachilia. Kama nanasi la kwetu."

Nikafumba macho. Ile harufu ikanichukua mpaka jikoni kwetu, mapazia yameshushwa, mama anaimba chini chini, na mie mdogo tena...

Nikachota cha nne. Grace akanikamata kifundo cha mkono.

"Hapana, madamu. Hapo hapo."

Nikakasirika. Amekuja juzi tu, mama hata hakumjua! Lakini kikombe nikakirudisha ndooni.

Magharibi, nyumbani, nimefungua kwa maji, nikaionja ile siki kabla sijagusa tende. Ndiyo yenyewe. Nikalia mbele ya watoto.

Mama naye, nikitaka kuzidisha, alikuwa akinikamata pale pale.