Gari Lisilotoa Mlio

Carrollton, Texas
Julai 2025

Kaka Elimringi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji na wote hapo Marangu, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua tangu mvua za masika zilipokatika. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Pelagia anakuamkia, bado yuko zamu za hospitali na bado anasema ukoo wetu ndio utakaomtoa roho, si wagonjwa. Joto limeanza, la kukufanya uufungue mlango wa gari kwa kitambaa, lakini tumeshalizoea.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nimefanya makusudi. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikiandika sentensi moja, unanirudishia sauti ndefu kama hotuba ya bajeti, tena kwenye kundi la ukoo, shangazi wote wanasikiliza. Karatasi haikatizwi. Mwenzake Pelagia kazini anakuja likizo Moshi, nimemwomba akukabidhi mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako kule nyuma dukani, na uimalize kabla hujashika simu.

Kwanza nashukuru kwa pongezi zako za harusi ya Angel. Nimezisikiliza zote, na zote zinahusu gari. Umesema Marangu haijapata kuona gari kama lile. Umesema umemwonyesha video mchungaji, na wateja, na yule fundi wa betri ambaye hamsemeshani. Umesema, na umelirudia hilo mpaka Pelagia akaondoka sebuleni, kwamba tusikilize jinsi injini isivyotoa mlio hata kidogo, na kwamba Waingereza ni watu wengine kabisa. Kuhusu mwanao umesema alipendeza. Ukalaumu kamati kwa kuweka kitambaa cheusi juu ya buti la gari, jambo lisilofaa harusini. Na kuhusu mume wake umetoa neno moja tu: kwamba kwenye picha za madhabahuni ametota jasho, hana koti, shati limechafuka kifuani, na kwamba hayo ndiyo matokeo ya mtu kuolewa kwa watu asiowajua. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Kaka, nisikufiche. Angel ameniambia kwamba Desemba hawatakuja nyumbani. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana naogopa. Alisema polepole, anaosha vyombo jikoni kwangu, kwamba hawezi kumpeleka mume wake kula Krismasi katika nyumba ambayo mwenye nyumba hajawahi kumsalimia. Alisema alikuwa anangoja umpigie Heritier simu siku ya harusi, kisha akangoja wiki ile, na sasa ameacha kungoja. Unamjua mtoto wako. Akinyamaza, amenyamaza kweli.

Turudi nyuma kidogo. Wazee wa upande wa Heritier walipokuja kuposa, walikuja sebuleni kwangu, kwa sababu ubalozi ulikunyima viza na wewe mwenyewe ulisema nisimame mahali pako. Walitoka Houston na Fort Worth wamevaa suti, wamebeba vitenge vya Shemeji vimekunjwa vizuri. Tuliweka simu mezani katikati ya sahani za sambusa ili waisikie sauti ya baba wa binti. Ulisema mtandao unasumbua, ukakata. Wazee wa watu wakabaki wanaiangalia simu. Jioni hiyo hiyo mtandao ukakutosha kuniletea maelezo ya rimu, taa na viti vya ngozi, na agizo kwamba Angel atapelekwa kanisani kwa Wetherby, gari lako la Waingereza, au asipelekwe kabisa. Nilikueleza kwamba Heritier amekulia huku tangu akiwa mdogo, kwamba anafanya kazi maabara katika hospitali moja Fort Worth, kwamba anaimba kwaya na anamheshimu Pelagia kuliko ninavyomheshimu mimi. Ukaniuliza kama Wetherby ya Texas ina usukani kushoto.

Naielewa hamu yako, usidhani siielewi. Nililala chini ya picha zile. Ulizikata kwenye magazeti ya misheni ukazibandika ukutani juu ya kitanda chetu, na mimi nikajifunza majina ya magari ya Kiingereza kabla sijajua kusali. Mpaka leo kalenda yao iko dukani kwako juu ya mafungu ya mikanda na pedi za breki, ingawa hakuna mteja wako hata mmoja aliyewahi kuulizia spea ya Wetherby. Ningefurahi kukutimizia. Ila ulikuwa unamwoza mtoto, kaka, na mazungumzo yetu yote yalikuwa ya gari.

Basi tukaunda kamati kama kawaida yetu, na usafiri tukampa Dedan, jirani yangu Mkenya, mtu wa moyo mzuri na haraka nyingi. Uliniuliza nilimjuaje tajiri mwenye Wetherby, nikakujibu kwa mkato kwamba ni mtu wa kufahamiana naye. Ukweli ni kwamba mzee yule hanijui kabisa. Ni mstaafu wa biashara ya mafuta, anaishi Houston, na ana ghala zima la magari hayo: yale ya mwanzo yaliyoundwa kabla ya vita, na yale ya maonyesho ambayo kampuni huunda moja moja tu ili watu waone magari ya kesho yatafananaje. Aliyetuombea ni Véronique, mama yake Heritier, mkazi wa mtaa wa Gulfton hukohuko Houston. Yeye ndiye aliyemuuguza mke wa mzee huyo mpaka akafariki. Mzee akamwambia mama wa watu achague gari lolote la kumbebea mkwewe. Kwa hiyo lile gari unalojivunia Marangu nzima limetoka kwa wakwe zako. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa ungelikataa.

Véronique alituchagulia vizuri. Alitupeleka moja kwa moja kwenye Wetherby ya kijani, ya zamani sana, taa zake kubwa kama sufuria za pilau, milango inafunguka kwa nyuma. Zimebaki chache mno duniani. Mzee huiendesha mwenyewe Jumapili kwenda kanisani. Aliiwasha, nikakaa kiti cha nyuma, nikakukumbuka. Nikakutumia picha palepale. Hukuchukua hata dakika kunijibu. Ulisema watu wa Marangu watasema umempeleka mtoto Marekani akaolewe na gari la mkoloni. Ulisema nyuma yake, pembeni ya picha, unaona jingine la rangi ya fedha lisilo na pembe hata moja, na kwamba hilo ndilo. Véronique aliniambia hilo ni la kuangalia tu, halijatoka ghalani hata siku moja. Nikakufikishia. Ukajibu kwamba harusi nayo ni ya kuangalia.

Tukafuata agizo. Kamati ilijadili utepe, maua, nani akae mbele, Angel aingie kwa mguu gani kwa sababu ya shela. Tulikaa vikao mpaka watoto wakalala kwenye makochi. Hakuna aliyeuliza kama gari lina injini. Nani huuliza kama gari lina injini? Mimi ni mhasibu, nina udhuru. Wewe umeuza spea miaka yote hii.

Dedan alilileta kutoka Houston juu ya lori la kubebea magari. Aliniambia walilivuta kwa waya kulipandisha na kulishusha, akaona ni sawa, kwa kuwa magari ya kuhifadhiwa hayawekwi mafuta. Siku ya harusi akaja na dumu la petroli. Kanisa tulilotumia tunaazima kwa Wakorea, nao wana ibada yao mchana, kwa hiyo tulikuwa tunakimbizana na saa. Nilimkuta Dedan amevaa suti nyeupe, analizunguka gari na dumu mkononi, anatafuta tundu la mafuta. Akazunguka tena. Halikuwepo. Mlango uliofunguka ni mmoja tu. Mingine ilikuwa ni michirizi iliyochorwa kwenye bati. Tulipofanikiwa kuinua boneti, ndani kulikuwa na mbao na vipande vya chuma vilivyofungwa ili pua ya gari isielee juu. Kwa lugha ya dukani kwako, bodi tupu. Ndiyo sababu halikutoa mlio, kaka. Umewasimulia watu wote hao kuhusu ukimya wa mbao.

Sijawahi kukasirika kama siku ile. Nilimkasirikia Dedan, nikajikasirikia mimi, halafu nikakukasirikia wewe kuliko wote, kwa sababu simu ilikuwa inaita mfukoni na nilijua ni wewe unauliza gari limefika. Jua lilikuwa utosini. Angel alikuwa kwenye gari la Pelagia amevaa shela, ameshaona kila kitu kupitia kioo. Alishuka akasema basi, atatembea mpaka mlangoni, ni hatua chache. Alisema hivyo anatabasamu, lakini alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba yake atakubali.

Hapo akatoka Heritier kanisani. Dedan alimkimbilia kumzuia, maana bwana harusi hatakiwi kumwona bibi harusi kabla ya ibada. Hakumsikiliza. Alikuja akachungulia chini ya boneti, akazirudisha zile mbao vizuri, akaifunga taratibu. Mimi nilikuwa nimeanza kumwambia tuliache gari, tutakueleza baadaye. Akatikisa kichwa. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chao: “Papa yake iko anaangalia kule. Tusimupatishe haya.” Alimaanisha tusikutie aibu, kisha akamwomba Angel aingie kwenye gari.

Lile eneo la kuegesha linapanda kidogo kuelekea mlango wa kanisa, na bodi ile ina uzito wa ng'ombe wawili. Dedan alishika usukani. Nyuma walisukuma ndugu zake Heritier, wajomba zake wale wale uliowakatia simu, na mimi. Mpiga picha aliagizwa akae mbele, chini, asionyeshe chochote cha nyuma. Tuliinama mpaka videvu vikagusa magoti. Véronique alikuwa anatembea pembeni ameinua pindo la gauni, anawahimiza wanawe kwa Kifaransa. Watu mlangoni walipiga vigelegele, na gari likapanda kimya, limenyooka, kama ulivyoliona. Tulipofika juu, Wakorea walikuwa tayari wamejaa ukumbini na vitabu vyao vya nyimbo. Hapakuwa na nafasi ya mtu kujifuta uso. Heritier alipita mlango wa pembeni akakimbilia madhabahuni.

Ndiyo maana alikuwa ametota jasho, kaka. Shati lilichafuka kwenye vumbi la gari uliloagiza wewe.

Baada ya ibada alituomba sisi sote tusikuambie. Alisema mzee afurahie gari lake, yeye hana neno. Angel naye akakubali, na nilikuwa nimekubali. Wiki iliyopita ukanitumia ujumbe kuuliza namba ya chasisi, ili uiweke chini ya picha utakayoitundika dukani. Hukuuliza wanaishi wapi. Hukuuliza kama mwanao anakula. Ahadi niliyompa Heritier nimeivunja kwa hasira hiyo, na nikionana naye nitamwambia.

Sasa fanya hivi. Fungua ile video, uisimamishe gari linapokata kona kuufuata mlango. Tazama juu ya buti. Kile kitambaa cheusi ulichotulaumu nacho si pambo. Ni koti la harusi la Heritier. Alilivua akalikunja akaliweka pale ili mikono isiikwaruze rangi ya gari la mzee wa watu. Yeye ni mrefu, hakuweza kuinama kama sisi, na ukitazama vizuri utaona juu ya koti kuna kiganja kimoja kimetanuka. Ni cha mkweo. Kabla ya kuitundika picha hiyo dukani, naomba ukitazame kiganja hicho kwa muda.

Nimesema mengi kwa mtu aliyenitangulia kuzaliwa na aliyenilipia shule. Kama nimevuka mpaka, unisamehe, ila sitabadilisha neno. Msalimie sana Shemeji, mwambie vile vitenge alivyopelekewa alivichagua Véronique mwenyewe. Wasalimie majirani, na yule fundi wa betri pia. Msameheane, amekuwa mwema kukaa kusikiliza habari za injini. Pelagia anasema ule dawa za goti. Mungu awalinde mpaka tuonane, na natamani iwe Desemba, wote.

Ni mimi mdogo wako,
Isack

Namba ya Heritier nimeiandika nyuma ya bahasha. Jioni ukifunga duka, kwake ni asubuhi, anakunywa chai. Mtandao ukisumbua, jaribu tena.