Baba, Mimi Sikuwahi Kuwa Mwalimu

Baba yangu mpendwa,

Barua ya mtoto kwa mzazi huanza kwa shikamoo. Hii nimeianza bila shikamoo, kwa makusudi, na sababu yake ni hasira. Arobaini yako imeshasomwa, wageni wameshakula pilau na kuondoka, na kila aliyepita hapa nyumbani Kwamsisi amenikumbusha kwamba marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitakusema. Wao walikujua kama mwenyeji wao. Mimi nilikujua kama baba, na hizo ni habari mbili tofauti.

Nakumbuka ulivyopenda wageni. Mtu akipita na baiskeli yake akaomba maji tu, wewe ulishapaza sauti kuku akamatwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ulivyopenda kusema, ingawa mwenyeji aliyepona alikuwa wewe uliyekaa barazani. Mimi na Mama tulikuwa jikoni tunalia na moshi.

Mimi mtoto wako wa kwanza ndiye uliyemfundisha kunawisha wageni. Birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Unapiga magoti mbele ya mgeni, unamimina maji taratibu, macho yako kwenye beseni. Humtazami usoni wala humwulizi kitu. Siku moja mnunuzi wa mahindi alinitania kwamba nikikua atanioa, nami nikacheka. Ulisubiri aondoke, ukanichapa fimbo ya mkwaju, ukasema mtoto wa kike hacheki na mgeni. Usiku ule nililala kifudifudi.

Hata hivyo nilikupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ulikuwa ukiwaambia wageni kwamba huyu binti yangu ana mikono ya kupokea watu. Ulilisema hilo mbele yangu, na mimi niliishi kwa maneno hayo. Sasa, Baba, ulitarajia nisomee nini? Nilipomaliza kidato cha nne nikapata nafasi kwenye chuo kimoja Korogwe mjini kusomea utalii na usimamizi wa hoteli, nilikuja kukuambia mbio, nikidhani nakuletea zawadi. Ukasema hoteli ni mahali wanapouza vyumba pamoja na wanawake. Mama alikubembeleza wiki nzima. Mwishowe ukakubali, na sisi tukashangaa umelainika namna gani.

Niliporudi likizo ya kwanza ndipo nilipoelewa. Jirani yetu alikuja na madaftari ya wanawe kwapani, akanisalimu kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa, akaniomba niwasaidie watoto hesabu kwa kuwa wewe ulikwishawatangazia watu msikitini kwamba nasomea ualimu. Nilikutazama. Nilingoja ucheke, useme ulikuwa mzaha. Ukaniambia, "Mwalimu, usimkatishe tamaa mwenzio."

Nikakaa barazani kufundisha sehemu na asilimia, mimi niliyepata F ya hesabu, na ambaye muhula ule nilikuwa nimejifunza kutandika kitanda na kupanga meza. Kila likizo ikawa hivyo. Mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kuomba niende kushika darasa la nne kwa kuwa mwalimu wao amejifungua, ulimkubalia kabla mimi sijafungua mdomo. Watoto wale sasa ni vijana, wanaendesha bodaboda barabara ya Handeni, na wakiniona bado husimama na kusema shikamoo mwalimu. Naitikia. Unajua mtu anavyojisikia anapoitikia salamu isiyo yake? Hukujua, maana wewe kila siku ulisalimiwa kwa jina lako.

Kule chuoni nako nilikuwa navuna ulichopanda. Siku ya somo la kwanza la vitendo, madamu wetu alikaa mezani akajifanya mgeni, akaniambia nimhudumie. Nilichukua birika na beseni, nikapiga magoti, nikainamisha uso, nikaanza kummiminia maji. Darasa zima lilivunjika mbavu. Madamu hakucheka. Alinishika bega akasema, "Inuka, binti. Huyu ni mgeni, si mkwe wako. Mtazame, tabasamu, muulize anapenda nini." Nikashindwa. Macho yalikuwa yanateleza yenyewe kurudi chini. Wenzangu wakanipa jina la Magoti, na nilimaliza chuo nalo. Kila jioni nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha bweni nikijifunza kutabasamu, kitu ambacho watoto wengine huzaliwa nacho. Niliposhindwa nililia, na nilipolia nilikutaja wewe, wala si kwa dua.

Halafu ikaja siku ile. Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika hoteli moja ya Korogwe, kando ya barabara kuu, ambapo siku hiyo wakulima waliletwa kula baada ya mkutano wao. Nilitoka jikoni na trei nikakuona umekaa na wazee wawili wa Mashewa, umevaa kanzu yako ya Ijumaa na ile kofia iliyoshonwa kwa mkono. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Ndiyo, furaha. Nilikuwa nimevaa sare, sketi nyeusi na shati jeupe, kichwani nimefunga kitambaa vizuri, na kwa mara ya kwanza ningekuhudumia kama nilivyofundishwa. Nilikuja nikasema shikamoo baba. Ukaitikia marahaba ukiangalia chupa ya maji. Lakini kila mhudumu humwita kila mzee baba, kwa hiyo neno hilo halikunisaidia.

Mmoja wa wale wazee alikuwa na macho makali. Alinitazama, akakutazama wewe, akasema tumefanana hasa kwenye paji la uso, isije ikawa huyu ni binti yako. Nilisimama na trei yangu. Sikuwa naomba unisifu. Nilikuwa naomba neno moja, ndiyo, na lingekutoka bila hata kuinua kichwa. Ukasema:

"Binti yangu ni mwalimu. Huyu ni mhudumu tu."

Nikawanawisha. Nilianza na wageni, nikamalizia na wewe, nimesimama wima, na nilikutazama machoni na kutabasamu tabasamu ambalo kwalo madamu angenipa alama zote. Uliondoa mikono kabla sijamaliza na maji yakamwagika kwenye kanzu. Nikakufutia. Nikakuuliza utapenda kuku au samaki, ukasema samaki, kisha ukaniagiza chumvi. Mlipomaliza mlisema asante nyote watatu kwa pamoja. Nilikwenda stoo, nikakaa juu ya gunia la viazi, na msimamizi akaja kunifokea kwamba meza namba fulani haijafutwa. Ilikuwa yenu. Nikaenda nikaifuta.

Nyumbani hukuwahi kuligusa jambo hilo. Mimi pia sikuligusa, ila nilimwambia Mama. Alisikiliza akichambua mchele, akachambua mpaka zikabaki chenga. Ilipofika mahafali alishona gauni la kitenge aje kuniona nikivaa joho. Ukamkataza kusafiri, eti watu wa basini watamuuliza anakwenda wapi. Wenzangu walipiga picha na mama zao waliotoka Dindira na baridi yake yote, wengine na bibi zao. Mimi nilipiga na madamu. Gauni lile Mama hajalivaa mpaka leo.

Baba, mimi nimefanikiwa, na nalisema ili likuume popote ulipo. Nasimamia mapokezi kwenye loji moja kaskazini, karibu na hifadhi. Nina vijana chini yangu na nawafundisha mwenyewe. Wageni wanatoka nchi ambazo hukuwahi kuzisikia redioni, na wakiondoka wananishika mkono, wananiita kwa jina langu. Jina ulilonipa wewe, ambalo hapa Kwamsisi watu wamelisahau kwa sababu ya cheo cha bandia ulichonipa. Hakuna aliyewahi kununua kitu kwangu zaidi ya chumba na chakula. Nakueleza hili kwa kuwa hukuwahi kuniuliza.

Ulipougua nilikuja. Usidhani nilikuja kwa upole. Nilikuja nikiwa na tamaa moja, kwamba mtu akiona kaburi linamkaribia hupungukiwa na hila, na kwamba utanitambulisha kwa watu angalau mara moja. Nilibadilisha shuka zako na kuzinyoosha kama chuo kilivyonifundisha. Nilikulisha uji kwa kijiko. Nilikuosha. Watu walipokuja kukujulia hali walisema una bahati, mzee, mwalimu ameacha shule amekuja kukuuguza. Ulikuwa na sauti ndogo tayari, sauti ya kutegewa sikio, lakini kwa hilo uliipata. Ukawaambia nimeomba ruhusa kwa mkuu wa shule. Hata jina la shule uliwatajia.

Alasiri moja wageni walipoondoka nilikaa kitandani kwako nikakuomba. Nilikuomba, Baba, mimi mtu mzima. Nilisema waambie kesho mimi ni nani, halafu sitakuomba kitu kingine maishani. Ulifumba macho nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Niache nife na heshima yangu." Nikakuuliza, na yangu je? Ukageukia ukutani, ukaomba maji.

Nilikupa maji. Nilikushika kichwa ili usipaliwe. Lakini kuna kitu kilikufa chumbani mle kabla yako, na hakikuoshwa wala kuvikwa sanda.

Siku ya mazishi uwanja ulijaa. Sisi wanawake tulikuwa ndani, Mama ameketi mkekani, mimi pembeni yake, na kupitia dirishani tulisikia kila neno. Baba mdogo alisimama karibu na jeneza akasoma wasifu wako. Aliwataja watoto, akaanza na mimi, mwalimu. Wanawake mle ndani wakanigeukia kwa huruma. Kisha akasema, kama ilivyo desturi, kwamba marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu na huenda aliwakosea, hivyo anawaomba wote waliopo hapa na waliomo ndani wamsamehe ili aende akiwa mwepesi. Uwanja mzima uliitikia kwa sauti moja, tumemsamehe. Wanawake mle ndani wakaitikia, shangazi kwa kilio, majirani, hata bibi ambaye hasikii vizuri. Baba mdogo akarudia mara ya pili, wakaitikia tena.

Mimi sikuitikia. Nilikuwa na nafasi mbili na zote niliziacha zipite. Nilijua ninachofanya, nilikuwa na akili zangu zote, na hata sasa ninapoandika sijajuta. Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi, sivyo? Wewe ulihitaji yangu mara moja tu, nikakunyima. Wakakubeba wakaondoka.

Jioni, watu walipopungua, Mama akiwa ameshaanza eda, nilimpelekea chai. Sikuweza kukaa na siri ile. Nilimwambia nina dhambi, nilinyamaza walipokuombea msamaha. Nilidhani atanilaani. Aliipuliza chai yake kwa muda mrefu, akanywa kidogo, akaiweka chini.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nasikiliza kama utaitikia, ili na mimi niitikie."

Basi lala, Baba, kama unaweza. Ardhi iliyokufunika ni ya kwenu na haina kosa nawe. Mimi kesho narudi kazini, na Mama eda ikiisha nitakuja kumchukua aione hoteli.

Mimi,
Binti yako wa kwanza