Haikuwa Baridi ya Mlima

Mtaa wa Skuta, Jumanne, mwezi wa saba

Dada yangu Wangari,

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Leo shangazi Mumbi alipita hapa kunywa chai. Binti yako Njeri akashindwa kufungua thamosi, vidole vimemvimba. Shangazi akacheka. "Hiyo ni baridi tu. Hawa wasichana ati hawataki sweta."

Baridi. Neno lile lile.

Zahanati walikuambia ni baridi, wakakupa vidonge vya maumivu. Mama akakuchapa magoti kwa thabai, majani yale yanayowasha, ili baridi itoke. Mimi nikakununulia glavu za sufu, nikajiona mwema. Mashavu yako yalipokuwa mekundu, wanawake wa kanisa wakakuuliza unajichubua kwa krimu gani. Ukaacha kwenda kanisani.

Sikukutetea.

Nakumbuka ulivyokuwa ukishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto.

Miaka minne ilipita kabla hatujafika kwa yule daktari wa viungo, Nairobi. Alikubonyeza kidole kimoja kimoja. Akauliza kuhusu nywele kukatika, vidonda vya mdomoni, jua kukuchoma mashavu. Nani mwingine aliwahi kukuuliza habari za jua? Akasema ni lupasi: kinga ya mwili wako ilikuwa inakupiga wewe mwenyewe, na figo zilikuwa zimeshaumia. Kisha akasema polepole, "Mngekuja mapema."

Tungejuaje? Hapa tunamjua daktari wa meno, wa macho, hata wa ng'ombe. Huyo wa viungo hakuna aliyetutajia, hata waliovaa koti jeupe.

Leo nimemwambia shangazi kwamba Wangari hakuuawa na baridi.

"Sasa chai imekuwa kesi?" akasema, akaweka kikombe chini. Anataka tungoje mpaka mwezi wa tisa, jua likitoka vidole vitapona vyenyewe. Njeri alikuwa ameficha mikono chini ya meza. Ana miaka kumi na tisa na ameanza kuficha, kama wewe.

Sitangoja. Kesho alfajiri ninampeleka kwa daktari yule yule. Kama si kitu, aniambie yeye, si shangazi.

Ninaogopa, Wangari. Huko uliko, utukumbuke, mimi na mtoto wako.