Mwili Wangu, Kichwa cha Mwingine

Shoga, mbona hupokei simu? Haya nakuandikia.

Si unakumbuka bosi wangu wa duka la nguo alinipiga picha na lile gauni la kijani, eti wateja wanene wanataka kumwona mnene mwenzao? Leo bango limebandikwa ukutani dukani.

Mwili ni wangu. Kovu la pasi mkononi ni langu. Kichwa SI CHANGU!!

Kichwa, shoga! Wamenibandika kichwa cha msichana mwembamba, shingo kama twiga.

Nikamuuliza bosi. Bila haya ananijibu, "Mwili wako unauza. Uso una mashavu mno."

Mashavu mno!!

Sasa sikia. Akaingia mama mmoja, umbo kama langu. Lile gauni la kijani alilipenda mpaka akalikumbatia. Kisha akatazama bango, akajishika kidevu. "Huyu mnene, lakini kidevu kimoja. Mimi nitaonekana gunia." Akalirudisha.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, mwili ule ni wangu. Kichwa ni cha mtu mwingine."

Akanitazama, akatazama bango. "Kumbe hata unene wanatudanganya?" Akaenda zake, uso umemshuka.

Bosi akanijia juu, "Unanifukuzia wateja!"

Nimeona kinyaa, shoga.

Nikachukua mkasi wa dukani, nikapanda kiti mbele yake, nikakikata kile kichwa. Mwili nimeuacha palepale ukutani.

Anifukuze akitaka.