Kinu cha Sombe na Vidole vya Sista Peace

Nakivale, kambi ya wakimbizi, Uganda. Jumapili, mwezi wa saba, 2014. Kiangazi. Vumbi mpaka ndani ya meno.

Ninyi watu mna roho gani? Tangu Pasaka hamjakanyaga fasi hii, mahali petu hapa pa simuni, na leo mnachungulia kama wageni waliosikia harufu ya nyama. Haya, ketini. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Ninasema, na Mama Riziki jirani yangu anaandika kwa simu yake. Nimemwambia asinitengenezee maneno. Akitengeneza nitajua, maana lazima anisomee yote kabla hajayatuma.

Leo moyo ni mzito, lakini uzito wenyewe umehama mahali.

Niseme jambo nililolificha miaka yote kwa matusi. Mnaonijua mnajua kwamba nagombana na kila anayetwanga sombe karibu na nyumba yangu. Na Mkongomani gani hatwangi majani ya muhogo? Jioni ikifika huku kwetu ni vinu tu, kila uani. Mimi nachukua kitenge changu, naenda Base Camp, naketi sokoni mpaka vinyamaze. Watu wanasema yule mama ana majivuno. Mama Riziki huyuhuyu nilimwita mchawi. Anacheka sasa akiandika. Siku ile hakucheka.

Si majivuno.

Mwaka wa 1996, kwetu Kivu ya Kusini, nilikuwa natwanga sombe nyuma ya nyumba. Furaha, mtoto wangu mdogo wa miaka mitatu, alikuwa na homa, nimemfunga mgongoni. Dada yake Nsimire, wa miaka tisa, alikuwa ametoka kuchota maji. Akaniita kutoka njiani: "Mama!" Mara moja tu. Nikamjibu bila kugeuka: "Ngoja nimalize!" Mchi ulikuwa unapiga, sikusikia kitu kingine. Nilipousimamisha ndipo nikasikia bunduki.

Nilimkuta njiani. Nikamfunika kwa kitenge changu, nikakimbia na yule wa mgongoni.

Sikumzika.

Tangu hapo, mchi ukipiga, mimi niko kule. Sisemi nakumbuka; kukumbuka nakujua, namkumbuka hata marehemu mume wangu na naendelea kupalilia. Hili ni lingine. Niko kule, na miguu inakimbia kabla sijaiambia.

Furaha alikua, akaolewa Mbarara. Alipojifungua mtoto wa kwanza, miaka miwili iliyopita, nilikwenda kumpikia, kama inavyotakiwa kwetu: mama ndiye anayempikia binti yake aliyezaa, sombe ya moto, maziwa yashuke. Siku ya tatu mama mkwe wake akaleta kinu uani, akaanza kutwanga. Nikatoka bila viatu, bila kuaga. Nilijikuta stendi ya magari. Furaha akanipigia simu: "Hata mama ya bwana yangu amenipikia. Weye umenikimbia." Hajakuja Nakivale tena. Na mimi sikumwambia sababu. Ningeanzia wapi? Kwamba dada yake aliniita nami nikachagua mboga?

Sasa ana mimba ya pili, na muda umekaribia.

Mchungaji wetu ndiye aliyenituma kwa Sista Peace, muuguzi wa Mbarara anayetibu watu waliovunjika ndani. Nilidhani atanipa vidonge. Akaniambia niishike ile picha ya njiani kichwani, huku macho yakifuata vidole vyake viwili, kulia na kushoto, kulia na kushoto. Nikamuuliza, mwanangu, mimi nimepita vita, nawe unanichezea vidole kama mtoto mchanga?

Halafu nikakosea. Picha ilipokuja nilifumba macho. Sisi watu wa kanisa, neno zito likija, tunafumba macho na kuinamisha kichwa. Nikaomba, nikalia, nikasema amina. Kufumbua, vidole bado viko hewani vinaningoja.

"Mama, macho fungua," akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Hapa hatuombi. Hapa tunaangalia."

Miaka kumi na minane nilikuwa nimefumba.

Mara ya kwanza nilitapika. Mara ya pili nilimtukana, naye akasema sawa Mama, tuendelee. Anapeleka vidole, anasimama, ananiacha nipumue, anauliza: "Nini imekuja sasa?" Nikizidiwa ananirudisha kwenye shamba langu la maharage asubuhi, fasi niliyoichagua mwenyewe ya kupumzikia. Kisha tena. Macho na moyo vinaambiana nini, mimi sijui. Lakini ile picha ilianza kusogea, kama mtu anayepanda kilima akikuacha chini.

Mara ya tano akauliza nini imekuja. Nikasema: njaa. Nsimire aliamka na njaa asubuhi ile. Ni yeye aliyeniomba sombe.

Nilikuwa nampikia mtoto wangu.

Hilo lilikuwa palepale siku zote na sikuliona. Nililia sana, ila safari hii nililia kama mama aliyefiwa. Zamani nilikuwa nalia kama mtu aliyeua.

Msiende kusema nimepona. Nsimire hajarudi na hatarudi. Jana Mama Riziki alitwanga, nami nikabaki mlangoni kwangu. Jasho lilinitoka, lakini miguu ikakaa. Alipomaliza nikampigia Furaha, nikamwambia yote, mpaka lile neno nililomjibu dada yake.

"Mama," akasema, "miaka yote nilifikiri haunipendi." Kisha akaniita niende kwake: "Kuya. Kinu kiko."

Nitakwenda. Nataka nitwange mwenyewe, kwa mikono hii. Je, nitafika mwisho? Sijui.

Nawe, ukirudi fasi hii, usije mikono mitupu. Leta majani ya muhogo, yale machanga. Na ukinikuta nalia juu ya kinu, usininyang'anye mchi. Kaa chini. Ngoja nimalize.