Plagi za Namba Sita

Gehandu, Hanang
4 Mei 2003

Mwanangu Renatus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Arusha. Sisi hatujambo, baridi imeanza mapema mwaka huu na maharage tumeshang'oa. Mkeo Eva anakusalimu sana. Miguu imemvimba, lakini anakula.

Nakuandikia kuhusu gari lako. Tangu uliache hapa Pasaka, asubuhi tatu kati ya nne halitaki kuwaka. Nikifungua plagi nazikuta nyeusi kama sufuria ya makande. Nazisugua, linawaka, naenda nalo sokoni polepole kwa sababu ya matope, kesho yake ni yale yale. Jirani yetu Margwe anasema plagi zako ni za baridi mno kwa huku kwetu. Ameniletea nne za moto kutoka Katesh, zimeandikwa sita. Zako ni tisa. Niruhusu nizifunge.

Mwanangu, mimi si mtu wa kulialia, lakini sasa naogopa. Nesi Fransiska wa zahanati amempima Eva na kusema njia ni nyembamba, atolewe mtoto kwa upasuaji, na hapa hakuna wa kupasua. Tumepanga tarehe 20 Juni nimpandishe mlimani, hospitali ya misheni, akasubirie kule. Mtoto wenu wa kwanza tulimpoteza juu ya mkokoteni wa ng'ombe, wewe ukiwa mbali. Sitaki kumwona Eva juu ya mkokoteni tena. Gari lisipowaka siku hiyo, nitafanya nini?

Nilikaa na matrekta ya mashamba ya ngano miaka kumi na tisa, hadi walipotupunguza. Lakini yale yalikuwa ya dizeli, hayana plagi za namna hii. Hapa wewe ndiye mwalimu.

Baba yako,
Basili Akonaay


Arusha
13 Mei 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi nipo salama, kazi nyingi tu. Mwambie Eva namkumbuka kila siku, na awe anainua miguu juu anapokaa.

Baba, plagi ya baridi haihusiani na baridi ya Hanang. Ni ile inayotoa joto upesi na kulipeleka kwenye injini lipozwe. Ya moto hukaa na joto lake mdomoni, ndiyo maana inachoma masizi yote na gari linawaka vizuri. Gari la kawaida likiendeshwa polepole linataka hiyo ya moto. Lakini lile si gari la kawaida. Nililijenga la mashindano. Lina tabo inayoshindilia hewa ndani ya injini, na ukikanyaga mafuta kwenye mlima, humo ndani kunakuwa tanuri. Plagi ya moto itaiva hadi iwashe petroli kabla ya wakati wake, na pistoni itatoboka.

Kwa hiyo tufanye hivi. Funga zile za namba sita kwa safari zako za sokoni. Siku ya kumpandisha Eva, funga tisa. Zikaushe kwanza kwenye makaa mpaka ziwe za moto mkononi, zifunge haraka, litawaka. Usipande ule mlima na sita, baba, nakuomba sana.

Ningekuja mwenyewe, ila tajiri hatoi ruhusa, tunaandaa magari ya mashindano ya Agosti. Nitakuja mtoto akizaliwa.

Mwanao,
Renatus


Hospitali ya misheni
12 Juni 2003

Mwanangu Renatus,

Eva yu hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa chini.

Naandika kwa kupapasa, miwani yangu ilivunjika njiani, nisamehe kwa mwandiko.

Uchungu ulimshika Jumatatu tarehe 9, siku kumi na moja kabla ya safari yetu. Ilikuwa alfajiri, barafu nyembamba imekaa juu ya majani. Plagi za sita ndizo zilizokuwa zimefungwa. Nikageuza ufunguo mara moja, likawaka, halijawahi kuwaka vile. Tisa nilikuwa nazo mfukoni, Renatus. Nilizishika. Nikajiambia, nikizima sasa nikafungua, halafu likakataa? Eva alikuwa anang'ata kanga. Nikaondoka.

Tambarare tulikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda nikakanyaga. Injini ikaanza kugonga. Niliisikia, sikudanganyi. Ila dizeli zote nilizoendesha maishani ziligonga, na iliyogonga sana ndiyo iliyovuta sana. Nikafurahi! Nikasema, sasa injini imeshika kazi, nikaongeza mafuta. Nesi Fransiska alikuwa nyuma amemshika Eva, akaniuliza huo mlio ni wa nini. Nikamjibu ni nguvu.

Kona ya tatu kutoka juu kukasikika kishindo, moshi wa buluu ukatoka nyuma, na gari likasimama. Nilifungua boneti, nikafunga tisa kwa mikono iliyoungua, kazi bure, injini ilikuwa imekwisha. Nilikimbia kuteremka kutafuta watu, nikaanguka, ndipo miwani ikavunjika. Vijana wanane wakambeba Eva kwenye machela ya miti. Mwendo wa saa tatu na nusu, mwanangu. Daktari alisema tungefika mapema kwa saa mbili, mtoto angekuwa hai. Alikuwa wa kiume. Ana masikio yako.

Tumemzika hapa hapa misheni. Eva amepasuliwa salama. Mimi nimemuua mjukuu wangu. Uliniandikia waziwazi, na mzee mzima nikajifanya najua. Sijui nitakutazamaje usoni. Nakuomba msamaha, na usiponipa sitalalamika.

Baba yako


Arusha
19 Juni 2003

Baba yangu,

Shikamoo. Gidamis, kondakta wa basi, alinipa barua yako juzi stendi. Nimekata tiketi mara mbili, na mara mbili basi limeondoka mimi nimesimama pale pale. Ninaogopa kuja kabla sijakuambia jambo hili, na nikija nitashindwa kulisema.

Baba, usiniombe msamaha. Kwenye ile tabo kuna nati moja. Ukiilegeza, tabo inapunguza kushindilia, na gari linakuwa gari la kawaida la mtu wa kawaida. Lingepanda mlima wote kwa sita zako, polepole, bila kugonga. Pasaka nilipolileta, spana ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua linakuja kumbeba mke wangu. Sikuilegeza, kwa sababu Agosti nilitaka kulichukua nikashindane nalo, na nilichukua miezi mitatu kuipatia nati ile mahali pake. Sikutaka kuanza upya. Halafu nikakuandikia masomo ya plagi, wewe uliyekuwa unalia kwa hofu, ili ufanye kwa mikono yako kazi niliyokataa kuifanya kwa yangu.

Ungefunga tisa ungefika, ni kweli. Lakini hukupaswa kuchagua, alfajiri ile, na Eva anang'ata kanga. Mimi ndiye niliyekuwekea mtego huo. Ulisikia injini ikigonga ukafurahi, na mimi sikukuandikia hata mstari mmoja kwamba ya petroli ikigonga, uache mafuta.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie Eva. Nitamwambia mwenyewe siku nikipata nguvu. Nadhani nguvu hiyo sina kwa sasa.

Mwanao asiyefaa,
Renatus


Gehandu
30 Juni 2003

Kwa Renatus,

Salamu. Huu si mwandiko wa baba. Miwani mipya haijapatikana, na hapa nyumbani mwingine anayejua kusoma ni mimi tu. Barua yako ilipofika aliniambia, mwanangu Eva, keti hapa unisomee. Nikasoma. Nilisoma yote kwa sauti, pamoja na pale ulipoandika nisiambiwe.

Kidonda kinapona. Nesi Fransiska anakuja kila Jumatano.

Baba hakuniruhusu niendelee kusoma baada ya maneno ya nati. Alitoka nje. Niliendelea mwenyewe kwa sauti ile ile, kisha nikamfuata nikamsomea tena pale ulipoandika kwamba si yeye. Hakuamini. Anasema unamhurumia tu. Hali chakula. Plagi zile nne za tisa bado ziko mfukoni mwake, hataki nizitoe hata ninapomfulia koti.

Kwa hiyo panda basi. Usije kuniambia mimi, nimeshasikia, na kwa sauti yangu mwenyewe. Njoo umwambie yeye, uso kwa uso, mpaka akubali. Yangu na yako tutayazungumza akishakula.

Mkeo,
Eva